Haki ya Mpangaji Aondokaye

Mtu apangaye nyumba hununua nini? Kuta si zake, wala kiwanja, wala paa. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, katika mlango wa ijara, walijibu zamani kwamba anunuacho ni manfaa: haki ya kukaa kwa muda uliotajwa na kwa malipo yaliyotajwa. Jibu hili ni jepesi kutamkwa, lakini lina uzito. Ikiwa manfaa ni mali yake, basi mtumishi aliyelipa kodi ya mwaka mzima Dar es Salaam, akahamishiwa Mwanza baada ya miezi minne, halazimiki kuacha mali hiyo ipotee bure. Akimpisha mwingine kwa miezi minane iliyobaki, na kurudishiwa kadiri alivyolipa, hamdhulumu mtu, maadamu mwenye nyumba ameulizwa. Kuuliza huko si adabu tupu. Mwenye nyumba hakuridhia kodi peke yake. Aliridhia na mtu.

Shida huanza penye ziada. Wanazuoni wa Kihanafi walisema kuwa mpangaji akipangisha kwa kodi iliyozidi ile aliyolipa, naye hakuongeza kitu katika nyumba, ziada si halali yake, aitoe sadaka. Wale wa Kishafii, ambao madhehebu yao ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, waliruhusu: mwenye manfaa auze apendavyo. Penye soko la haki hoja ya pili ina nguvu. Lakini si kila kodi hutoka sokoni.

Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 yakaingia mikononi mwa Shirika la Nyumba la Taifa. Pale kodi ya nyumba ya umma ilipokuwa chini ya kodi ya mtaani, aliyeondoka aliweza kumtoza aliyeingia fedha ya kumpisha. Fedha hiyo huitwa kilemba, jina lenye heshima kupita tabia yake. Tofauti ya kodi hizo mbili ilikuwa mali ya nani? Mpangaji hakuifanyia kazi. Umma ndio uliosamehe. Atoaye kilemba huridhika, na apokeaye hufurahi, lakini yuko wa tatu ambaye hakuitwa barazani: yule aliyepeleka ombi lake na kungojea zamu.

Itasemwa kuwa mpangaji wa miaka ishirini aliziba paa na kutia milango. Alipwe gharama ya paa na milango. Hata Wahanafi walimtoa huyo katika hukumu yao. Gumu zaidi ni jambo la yule amwachiaye ndugu yake nyumba bila ya kupokea senti. Huyo husifiwa kwa kujali jamaa, na pengine astahili. Hata hivyo ndugu amekwisha ingia, na mwenye zamu yungali nje.