Nguo Iliyouzidi Mwili Ni ya Nani?

Neno tutakalo kulinena mwezi huu laweza kuonekana dogo. Halimo katika mambo makuu ya imani, wala hatujapata kusikia likihubiriwa. Walakini limo nyumbani mwetu, ndani ya sanduku la nguo.

Siku hizi wako wengi katika sharika zetu walioambiwa na daktari: Punguza mwili, maana una kisukari, au: Shinikizo la damu yako limepanda. Tena daktari huwatia moyo kwa kuwaambia kwamba mtu mwenye kilo 100 akipungua kilo 5 hata 10 tu, mara nyingi sukari na shinikizo la damu huanza kushuka. Nao wametii. Wamepunguza sukari katika chai na mafuta katika mboga, wameacha soda, na mahali walipozoea kupanda pikipiki huenda kwa miguu. Baada ya miezi mingi mwili umepungua kweli. Ndipo suruali haikai kiunoni, koti limekuwa kama gunia juu ya mabega, na gauni la Jumapili lapwaya hata mwenyewe aona haya kusimama nalo kwaya ikiimba.

Basi mtu huyo hufungua sanduku lake, akajiuliza: Nguo hizi nizifanyeje? Nizitunze? Niziuze? Nimpe mtu? Nimpelekee fundi azipunguze? Twaona swali hili si la fundi peke yake. Ni swali la dhamiri, maana ndani yake mna maswali mawili yaliyo makubwa kuliko nguo: Kitu nisichoweza kukitumia tena ni cha nani? Na mwili huu uliobadilika, je, naweza kuutumainia kwamba hautabadilika tena?

Wako watakaojibu upesi: Akiba haiozi, zitunze. Tusiwacheke, kwa kuwa hoja yao ina nguvu. Madaktari wenyewe wafundisha kwamba watu wengi waliopungua hurudishiwa sehemu ya uzito wao baadaye. Mwili hupigana kuirudia hali yake ya kwanza, na njaa yake huongezeka. Wala si ulafi tu wala uvivu, kama wengine wapendavyo kusema. Wahenga nao walituambia, Hujafa hujaumbika. Tena koti zuri ni mali. Mkulima aliyeuza magunia yake ya mahindi ili apate suti ya arusi ya mwanawe hawezi kuitoa kama atupaye maganda ya ndizi.

Lakini tuliangalie tena neno hili la akiba. Mahindi ya akiba huliwa wakati wa njaa, na fedha ya akiba hulipa karo ya mtoto. Nguo ya akiba humngoja mtu mmoja tu, naye ni yule mwenye mwili wa zamani, ambaye twaomba asirudi. Wakati wote huo nondo hawalali, panya hawafungi mdomo, na unyevu wa masika huingia hata katika sanduku la chuma. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, awakemea matajiri ambao mavazi yao yameliwa na nondo. Juu ya mavazi yenyewe hasemi kwamba waliyaiba. Nondo ndio mashahidi wake: nguo iliyoweza kumsitiri mtu iliachwa mpaka haimfai mtu awaye yote.

Waalimu wa Kanisa walilishika neno hili kwa nguvu. Yohana Mbatizaji, makutano walipomwuliza watende nini, aliwafundisha kwamba mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo; hayo twayasoma katika Luka sura ya tatu. Katika karne ya nne Basili, askofu wa Kaisaria, aliwafundisha watu wake kwamba vazi linalokaa bure sandukuni ni mali ya yule aliye uchi. Naye Dakta Martin Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, asema kwamba ukimwacha aliye uchi aende zake, nawe waweza kumvika, umemwacha afe kwa baridi. Waalimu wetu na waangalie mahali alipoliweka neno hilo. Hakuliweka chini ya amri ya kutokuiba, bali chini ya amri ya tano, Usiue. Kwake yeye sanduku lililofungwa laweza kuwa jambo la uhai na mauti. Ndugu zetu wakaao Makete au Lushoto, ambako baridi ya mwezi wa Julai huuma mifupa ya wazee, hawataona kwamba ametia chumvi.

Je, tuseme basi kwamba kila nguo inayopwaya na itolewe leo? La, hatusemi hivyo. Luther alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, siku ya kumkumbuka Martin wa Tours, ndiyo sababu akapewa jina lake. Habari za Martin huyo zajulikana: alipokuwa askari alimkuta maskini langoni mwa mji wa Amiens wakati wa baridi kali, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Nusu ya pili alijifunika mwenyewe. Wala Kanisa halikumlaumu kwa nusu ile aliyobaki nayo, maana atoaye naye ana mwili. Kwa hiyo mwenye nguo mbili tu, na zote mbili zinapwaya, asijione mwenye hatia akizipeleka kwa fundi zipunguzwe. Hana ziada, ana nguo zinazohitaji sindano.

Tena yatupasa kutofautisha jambo moja, ambalo tusipolitofautisha tutawaumiza walio dhaifu. Si kila aliyepungua amepungua kwa kutaka. Kifua kikuu hupunguza mwili, saratani hupunguza, kisukari chenyewe kisipotibiwa hupunguza, na majonzi ya kufiwa humnyima mtu chakula. Ndugu yetu ambaye nguo zake zaanza kupwaya bila yeye kukusudia, asifurahi wala asifiche. Na aende hospitali apimwe.

Hapa twakumbuka habari za Kagera. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotokea huko miaka ya kwanza ya 1980, watu hawakuwa na jina lake, wakauita Juliana, kwa jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wafanya biashara wa mpakani. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Basi ugonjwa mmoja ulipewa jina la nguo upande huu, na jina la kukonda upande ule. Tangu hapo, kwa miaka mingi, mtu akionekana nguo zampwaya, majirani walimhukumu kabla hajapimwa; na wengine walivaa nguo mbili, moja ndani ya nyingine, ili mwili usionekane ulivyopungua. Kisha, tangu mwaka 2004, dawa zilianza kutolewa bure katika Tanzania. Watu waliokuwa wamekauka kama kuni walianza kula, wakapata nguvu, wakarudi shambani na kanisani.

Sasa tuulize: nguo za watu hao zilizokuwa sandukuni siku za ugonjwa zilikuwa ni nini? Hazikuwa choyo. Zilikuwa tumaini. Mtu ambaye angaliwaendea kitandani na kusema, Zitoe, hutazivaa tena, angalikuwa kama aanzaye kuchimba kaburi mgonjwa angali akipumua. Kwa hiyo twasema wazi: mtu awaye yote asimwombe mgonjwa nguo zake, wala asimhubirie habari za kanzu mbili. Afadhali amlipie fundi. Fundi mwema ajua kuipunguza nguo pasipo kuikata: hukunja kitambaa ndani ya mshono, akakiacha humo, ili siku mwili utakaporudi mshono ufunguliwe. Huo ndio ufundi wenye imani ndani yake.

Lakini yeye aliyepungua kwa shauri la daktari, naye ni mzima, na sanduku lake limejaa, huyo hana ruhusa ya kujificha nyuma ya mgonjwa. Kwake yeye nguo ile kubwa ina mambo mawili ya kumjaribu. La kwanza ni hofu: kila alitazamapo koti lile, lamwambia, Utanirudia. La pili ni majivuno, maana wako walitunzao koti kubwa ili wawaonyeshe wageni na kusema, Tazama nilivyokuwa! Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, kama Paulo awafundishavyo Wakorintho. Haukupewa sisi ili tuutangaze kwa unene wake wala kwa wembamba wake.

Akiisha kukusudia kutoa, liko jambo jingine gumu, nalo ni namna ya kutoa. Nguo kubwa yamfaa mtu mkubwa. Ukimwendea jirani mbele ya watu na kusema, Wewe ni mnene, hii itakutosha, umempa nguo kwa mkono mmoja na fedheha kwa mkono wa pili. Zamani neno la kunenepa lilikuwa sifa kwetu, na kwa wazee wengi lingali sifa. Lakini siku hizi wako waliojeruhiwa nalo. Basi mwendee faraghani, useme: Ndugu yangu, au, Mama yangu, ninayo nguo nisiyoweza kuivaa tena, je, utanisaidia kuitumia, au kumtafutia mwenye kuihitaji? Akikataa, mshukuru, wala usimwulize sababu.

Tena nguo na iwe nguo. Sisi tulio karibu na masoko ya mitumba, kama Memorial ya Moshi au Karume ya Dar es Salaam, twajua vizuri upokeaji ulivyo. Robota likifunguliwa, mna nguo iliyotolewa na mtu aliyemfikiri atakayeivaa, na mna nguo iliyotolewa na mtu aliyetaka tu kusafisha nyumba yake. Mkono huzitambua upesi. Kwa hiyo fua, piga pasi, shona vifungo vilivyokatika, kisha ndipo utoe. Hata kuuza si dhambi, kama unayo haja ya fedha na bei ni ya haki. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo huonekana hata katika kifungo.

Maandiko nayo yatufundisha kwamba nguo yenye upendo hupimwa kwa mwili wa mvaaji. Hana alimshonea mwanawe Samweli kanzu ndogo mwaka kwa mwaka, kwa kuwa mtoto alikuwa akikua; upendo wake ulikwenda pamoja na kimo cha mtoto. Mfalme Sauli alimvika Daudi mavazi yake ya vita, naye hakuweza kwenda nayo, akayavua. Zawadi ile ilikuwa ya kifalme, lakini ilikuwa mzigo. Dorkasi wa Yafa alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, nao walilia. Basi ikiwa koti lako halimfai jirani jinsi lilivyo, na unazo shilingi chache, mpe pamoja na ujira wa fundi, apate kulirekebisha. Bibi zetu hawakuwa na taabu hii, maana khanga haimwulizi mtu kiuno chake. Lakini sisi tumechagua nguo za kushonwa, basi na tuzichukue pamoja na madai yake.

Kwa maneno hayo yote twapenda kuwaachia kipimo kimoja. Nguo unayoitunza na iwe na sababu ambayo waweza kuisema mbele ya uso wa jirani asiye na nguo. Mgonjwa aweza kusema: Naitunza kwa kuwa natumaini kupona, na jirani ataitika, Amina. Aliyeanza kupungua majuzi aweza kusema: Nitatunza moja, tangu Majilio haya hata Majilio yajayo, nipate kuona mwili wangu utakavyokaa, nalo ni neno la busara. Mjane aweza kusema: Gauni hili nilinunuliwa na marehemu mume wangu, wala hapana atakayemlaumu. Lakini ikiwa sababu yako huwezi kuitamka mbele ya jirani huyo ila kwa kuona haya, basi nguo ile imekwisha kuwa yake, nawe ni mlinzi tu uliyechelewa kuipeleka.

Na kama mwili ukirudi unene baada ya nguo kwisha kutolewa? Swali hili ndilo liwafanyalo wengi wafunge sanduku. Twajibu: huenda ukarudi. Hapo nawe utakuwa mtu mwenye haja ya nguo, kama alivyokuwa jirani yako jana. Usharika upo kwa ajili ya siku hiyo pia. Yeye aliyetoa bila kumfedhehesha mtu amewafundisha wenzake jinsi ya kumpa yeye, itakapokuwa zamu yake kupokea. Wala asiogope zamu hiyo, maana sote twaishi kwa kupokea, tangu siku tulipovikwa Kristo katika ubatizo bila kulipa kitu.

Bwana na awape wagonjwa wetu nguvu za kuzivaa tena nguo zao, nao walio wazima awape mkono mwepesi wa kufungua sanduku.