Wimbo wa Kwetu: Nani Anaingia katika "Sisi"?

Swali tunalolileta hapa si geni kwa mtu aliyekaa jioni na vijana wa Kasongo au wa Kabambare wenye gitaa. Kijana anataka kutunga wimbo juu ya mateso ya kwetu: barabara iliyokufa, dhahabu inayotoka na watu wanabaki na mashimo, wakubwa wanaoonekana siku za kura tu. Anataka wimbo uume. Tena anataka uwe wa kwetu kabisa, si wa Kinshasa wala wa Goma. Mzee mmoja atamwambia: "Mwanangu, acha, utatuletea matata." Mwingine atamwambia: "Imba, lakini taja adui." Sisi tunaona wote wawili wamejibu mbio.

Yule wa kwanza haogopi bure. Mwaka 1966 wanasiasa wanne walinyongwa mbele ya watu pale Kinshasa, na baadaye Franco akatoa wimbo wa Kikongo, "Luvumbu Ndoki", juu ya mchawi anayekula watu wake mwenyewe. Hakutaja mtu. Watu walielewa, na serikali pia ikaelewa: sahani zikakamatwa. Karibu na sisi kuna habari ya Delcat Idengo wa upande wa Beni, aliyeimba kwa Kiswahili juu ya mauaji ya kwao, akaishtaki serikali na jeshi la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2021 alifungwa juu ya nyimbo zake. Akatoka, akashikwa tena mwaka 2024, akawa katika gereza la Goma mpaka mji ulipoanguka mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025 na wafungwa wakatoroka. Tarehe 13 Februari 2025 alipigwa risasi pale pale Goma, akiwa katika kazi ya kupiga picha za wimbo mpya. Mtu huyo aliudhi serikali, kisha akaudhi na wale walioifukuza serikali. Basi mzee akisema "matata", hasemi upuuzi.

Lakini mzee anaongeza neno lingine, na hilo tunalikataa. Anasema wimbo unaotaja eneo moja ni ukabila, kwamba mtu angeimba tu juu ya Kongo nzima, au Afrika. Hilo neno wakubwa wanalipenda sana! Mtu akiimba kwamba Afrika inalia, hakuna anayegeuza shingo. Akitaja Salamabila, kuna mtu ofisini anaweka kikombe chake chini.

Mateso yana mahali pake. Namoya iko katika eneo la Kabambare, na dhahabu yake inajulikana tangu wakati wa Wabelgiji. Kampuni ya Banro, ya Kanada, ilianza kuitoa kwa wingi wa biashara mwezi wa Januari 2016, na wachimbaji wa mkono waliokuwa wakiishi kwa mashimo yale wakaambiwa wapishe. Mwezi wa Machi 2017 watu wenye silaha wakateka wafanyakazi watano wa mgodi. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Mtu wa Kinshasa hawezi kutuimbia habari hiyo, hata akiwa na sauti nzuri namna gani, kwa sababu hajui kijiji gani kiko karibu na shimo gani, wala nani aliahidiwa nini. Kuitaja kwetu si ubaguzi. Ni kutoa ushahidi, na shahidi yeyote huulizwa kwanza alikuwa wapi.

Halafu hii si desturi iliyoletwa na redio. Mama zetu walitwanga wakiimba, na kila mtu katika uwanja alijua wimbo unakwenda kwa nani: mume mwenye uchoyo, mawifi, chifu aliyekula mbuzi wa kesi. Jina halikutajwa. Aliyehusika alijisikia mwenyewe, na hakuweza kulalamika bila kujitangaza. Shule yetu ya kupinga ilianzia kwenye kinu.

Tuje kwa mzee wa pili, yule wa "taja adui". Huyu anatutisha zaidi, maana siku hizi vijana wanamsikiliza.

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa na Simon Bikindi, mtunzi hodari, mtu wa Gisenyi, aliyechukua ngoma na sauti za kale za wakulima akazifanya mpya. Mwaka 1987 alitunga wimbo wa kusherehekea miaka 25 ya uhuru, na wa kuaga ufalme. Nani angekataza? Lakini miaka michache baadaye redio RTLM iliupiga pamoja na nyimbo zake nyingine, wakati watu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba. Tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ya kimataifa pale Arusha ilimhukumu miaka 15. Tuangalie vizuri: hakuhukumiwa juu ya nyimbo zenyewe, alihukumiwa juu ya maneno aliyosema kwa kipaza sauti barabarani mwezi wa Juni 1994. Juu ya nyimbo, mahakimu walikiri kwamba zilitumika kuchochea, lakini haikuonekana wazi kwamba alizitunga kwa nia ya mauaji. Zilijaa mafumbo, na kila shahidi alifumbua kwa namna yake.

Hapo ndipo sisi tunakwama kidogo. Tungependa kumwambia kijana: tumia fumbo kama mama zako, utakuwa salama na wimbo utakuwa safi. Haitoshi. Fumbo la kinu lilisikika katika uwanja mmoja, ambamo wote walijua kesi. Likitoka hapo, likiingia katika simu na redio, kila msikilizaji analijaza na adui wake mwenyewe. Ukiimba "nyoka aliyeingia nyumbani", huku kwetu wewe ulikuwa unafikiri mkubwa fulani wa migodi, lakini mtu aliyekasirika katika mji mwingine anafikiri jirani yake mwenye pua fulani. Basi fumbo lililomlinda mwimbaji linaweza kumuua asiyehusika.

Kipimo chetu ni kingine. Msikilizaji akiuliza, "Huyu unayemwimba amefanya nini?", wimbo uwe na jibu. Alitia sahihi. Alikula pesa za daraja. Alifyatua. Kama jibu pekee ni "alizaliwa huko", au "babu yake alikuja juzi", wimbo huo haupingi kitu, hata ukiwa na ngoma ya kwetu na lugha ya kwetu.

Na kwa kweli watu wa Kasongo ndio wa mwisho kuimba juu ya waliokuja. Lugha yenyewe tunayoimbia ilikuja kwa miguu, na misafara ya pembe na ya watumwa, kupitia Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip alikaa hapa. Mwaka 1893 jeshi la Leopold liliuteka mji, na ule wa zamani ukabaki Tongoni. Kiswahili kikabaki. Kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, na wengi wa hao waungwana walikuwa watoto wa watu waliofungwa kamba. Leo Mkusu, Mzimba na Mbangubangu wanachekeshana kwa lugha hiyo, Mwislamu na Mkatoliki wanaamkiana kwayo. Ukianza kuchagua nani ni mwenyeji wa kweli, utaanza na jirani, na utamaliza kwa kuyatoa maneno mdomoni mwako mwenyewe.

Kuna watakaosema tunalainisha wimbo, kwamba hasira ikichujwa hivi inageuka kuwa barua kwa liwali. Sisi tunaona kinyume. Kuimba kabila la mtu ni rahisi. Hakuna anayekuja kukuuliza ushahidi, na watu wa kwako wanakupigia makofi. Kuimba kitendo kunadai ujue tarehe, ujue kijiji, ujue ni nani alikuwa mezani. Tena ukitafuta nani alikuwa mezani, mara nyingi unakuta na mtoto wa kwetu, aliyesoma nasi, ambaye mama yake tunamwita mama. Huyo naye anaingia katika ubeti? Wengi wa vijana tuliowasikia huishia hapo hapo. Ubeti wa kwanza ni wa kampuni, wa pili ni wa Kinshasa, wa tatu wanarudia kiitikio. Sisi tungependa kuusikia huo wa tatu, uimbwe kwanza hapa nyumbani, mbele ya wazee na mbele ya mama yake, kabla haujapelekwa redioni.