Chakula cha Mwenye Safari Ndefu

Somo la juma: 1 Wafalme 19:4-8

Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, Mungu hakumpelekea mahubiri. Alimpelekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena chini ya mretemu. Malaika akamgusa mara ya pili ili ale, kwa sababu njia ya kwenda Horebu ilikuwa imemzidi nguvu. Hakukaripiwa kwa kukata tamaa. Mazungumzo mazito yalingoja mpaka mwili upate nguvu.

Nikisoma sura hii nawaona vijana na baba zetu wa Mulekera, hapa mjini Beni, wanaosafirisha mizigo kwa baiskeli: mikungu ya ndizi kutoka upande wa Mangina, kama kilomita 30, au madumu ya mawese hadi Butembo, zaidi ya kilomita 50, njia ikizidi kupanda. Penye mlima baiskeli haiendeshwi, inasukumwa, na shati lote linaloa. Jasho hilo linaondoka na chumvi ya mwili. Mtu akinywa maji matupu kutwa nzima bila kurudisha chumvi, kichwa kinamuuma, moyo unamchafuka, miguu inalegea.

Wengi hubeba biskuti na soda. Sikatai, sukari inaamsha mtu upesi. Lakini kwa safari ya kutwa mimi nachagua vya chumvi: karanga za kukaanga, ambazo hazivundi mfukoni, muhogo wa kuchoma na kipande cha samaki wa chumvi wa Kyavinyonge, na zaidi ya vyote, yai la kuchemsha. Mtazame mama anayeuza mayai kando ya barabara. Anamenya yai, analipasua katikati, anatia chumvi na pilipili, anaweka mkononi mwa msafiri. Huyu analila amesimama, mzigo wake umeegemezwa kwa mti, kisha analamba chumvi iliyobaki kidoleni. Mwili unajua unachodai. (Wenye presha wamsikilize daktari, siyo mimi.)

Wazee wetu hawakuidharau chumvi. Walitembea siku nyingi kuifuata Katwe, ng'ambo ya mpaka, Uganda. Na Walawi 2:13 inaagiza kila sadaka ya unga itiwe chumvi. Kilichotakiwa mezani pa Bwana hakiwezi kuwa anasa kwa mtu anayesukuma mzigo.

Kinachoniumiza ni hiki: wengi wanaondoka na njaa kwa sababu chakula kinatoka katika malipo yao. Kibarua analipwa mzigo ukifika, kwa hiyo kila karanga anaihesabu kuwa hasara ya watoto wake. Zamani angepita shambani kwa ndugu, akapewa muhogo au papai. Tangu mauaji yaanze upya katika eneo la Beni mwaka 2014, mashamba mengi yameachwa, na hakuna anayethubutu kuingia vichakani kutafuta cha kula. Tena mwenye mzigo mara nyingine ni mshiriki mwenzetu, anayemtakia safari njema na kurudi ndani kunywa chai. Yakobo, sura ya 2, amemkemea mtu wa namna hiyo waziwazi.

Ninawaomba wafanyabiashara wetu: chakula cha njiani kiwe mbali na malipo, kitolewe kabla kamba haijafungwa, na kiwe cha kwenda na cha kurudi. Mayai mawili, karanga za kujaza mkono, maji safi. Msimkate kibarua baadaye katika malipo.

Nanyi mama zetu mnaokaanga karanga nyumbani, tukutane mlangoni baada ya ibada ya Jumapili. Wasafiri wanaondoka mapema sana, kwa hiyo tupange nani atatangulia barabarani na beseni siku ya Jumatatu, nani Jumanne, na nani ataleta chumvi.