Cha Kuokota ni cha Nani?

Cha kuokota si cha kuiba, tulikuwa tukiambiana utotoni, na msemo huo ulitosha kumaliza ugomvi wa sarafu moja ya shilingi. Sasa nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, nami nimekuwa nikiupima msemo huo kwa watu ambao kuokota ndiyo burudani yao: Waingereza wanaozunguka mashambani wakisaka hazina kwa kigunduzi cha metali.

Koili ya kifaa hicho hutuma uga wa sumaku ardhini. Uga ukikuta metali, huzalisha humo mkondo mdogo wa umeme; mkondo hurudisha ishara, na kifaa hulia. Ukishachimba, unaingiza shimoni kifaa kingine kidogo, chenye umbo la karoti, kikuoneshe sarafu ilipo hasa. Vyote viwili hujibu swali la "wapi". Swali la "ya nani" anabaki nalo aliyevishika.

Mwaka 2015 swali hilo lilijibiwa mara mbili. Mwezi Juni, karibu na Leominster, wanaume wawili walifukua hazina ya zama za Waviking: vito vya dhahabu na sarafu zinazokadiriwa kuwa 300. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996 inataka taarifa itolewe ndani ya siku 14. Hawakutoa; waliuza kimyakimya. Mwaka 2019 walifungwa, lakini sarafu zilizokuwa zimeokolewa wakati huo zilikuwa kama 30 tu. Mwezi Oktoba, karibu na Watlington, mtafutaji mwingine alipoona fedha aliwaita wataalamu, nao wakaiinua hazina pamoja na bonge zima la udongo wake. Mwaka 2017 makumbusho ya Ashmolean yaliinunua kwa pauni milioni 1.35.

Hazina zote mbili zilikuwa na sarafu adimu zenye watawala wawili walioketi bega kwa bega. Zilitolewa na Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Pili wa Mercia, katika karne ya 9. Waandishi wa upande wa Alfred walimwacha Ceolwulf katika historia kama mpumbavu aliyewekwa na Waviking. Sarafu zinamwonesha akiwa mshirika wa Alfred.

John Locke alifundisha kwamba mtu akichanganya jasho lake na kitu cha asili, kitu hicho huwa chake. Wachimbaji wa Leominster nao walitoka jasho. Lakini jasho la mkulima huongeza mahindi, ilhali jasho la mchimbaji mwenye haraka hupunguza: kipi kililala juu ya kipi, na kando ya nini, hakuna anayeweza kukirudisha.

Utaniambia kwamba sheria ile humlipa msema kweli, kwa hiyo uaminifu wake umenunuliwa. Sawa. Sheria inayosubiri malaika haiokoi sarafu hata moja. Lakini malipo hayabadilishi asili ya deni. Ceolwulf hana ukoo wa kumtetea. Ushahidi wake uko mikononi mwa mgeni aliye peke yake shambani, pasipo wa kumwona. Kwa hiyo naamini aliyeokota ni shahidi kwanza; madai yake ya umiliki yanakuja baadaye.

Sarafu nyingi za Leominster hazijulikani zilipo. Huenda aliyezinunua anazitunza vizuri, zinang'aa. Bado hazimsaidii Ceolwulf kwa lolote.