Imetoka Upande Gani?

Swali liliulizwa kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja la kliniki hapo Upper Hill, mtaa ambao siku hizi una madaktari na mabenki kuliko miti. Mbele ya daktari tulikuwa wanne: binamu yangu, mtoto wake wa miezi saba, mama mkwe wake aliyetoka Murang'a na gari la saa kumi na moja alfajiri, na mimi, niliyeitwa kwa sababu niliwahi kusoma baiolojia. Mume hakuja. Mezani kulikuwa na picha ya kromosomu za mtoto, zimepangwa mbili mbili kama viatu mlangoni, mpaka namba 21, ambapo zilikuwa tatu.

"Daktari, sisi kwetu hakuna kitu kama hii," shosho akasema. "Tuambie tu ukweli. Imetoka upande gani?"

Daktari akavua miwani. "Shosho, haikutoka upande wowote."

Nilijua hiyo si kweli kabisa, na nikanyamaza. Tangu siku hiyo najiuliza kama kunyamaza kwangu kulikuwa wema, ama uwongo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Seli inapojiandaa kugawanyika, hunakili kwanza kromosomu zake zote 46. Kila kromosomu na nakala yake hufungwa pamoja na protini zenye umbo la pete. Halafu nyuzi nyembamba hutoka pande mbili za seli, zikazishika, zikaanza kuvuta. Hapo seli husubiri. Ni kama matatu pale Community, haiondoki hadi ijae: kromosomu moja isiyoshikwa inatosha kusimamisha safari nzima. Zote zikishikwa, pete hukatwa, na kila nakala huenda upande wake.

Yai la mwanamke hupitia njia nyingine, ndefu ajabu. Linatakiwa kubaki na kromosomu 23 tu, na kazi hiyo ya kupunguza huanza mwanamke mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake. Huanza, kisha husimama katikati, pete zikiwa zimefungwa, kwa miaka 20, 30, hata 40, hadi mwezi ambao yai hilo litakomaa. Pete huchakaa. Na kondakta wa yai si mkali kama yule wa seli nyingine. Gari linaweza kuondoka abiria mmoja akiwa hajakaa vizuri. Ndiyo maana uwezekano wa kupata mtoto mwenye hali ya Down ni kama 1 kwa 1,500 mama akiwa na miaka 20, na karibu 1 kwa 100 akifika 40. Na katika visa takriban 9 kwa kila 10, kromosomu ya ziada hutoka kwenye yai. Vichache hutoka kwenye mbegu ya baba, na vichache huanza baada ya mimba kutungwa.

Shosho hakuuliza swali la kijinga. Kuna familia chache ambapo mzazi, mama au baba, amebeba kromosomu mbili zilizoungana bila yeye kujua, na hapo "upande" upo kweli. Picha hupigwa kwa sababu hiyo pia. Lakini huyu mtoto hakuwa na aina hiyo, na picha ile haikuonyesha ipi kati ya zile tatu ilitoka kwa nani. Daktari angeweza kusema, "Sijui, na karatasi hii haijui." Namwelewa kwa nini hakusema. Katika chumba kile, neno "yai" lingesikika kama jina la mtu.

Ila siku hizi kila mtu ana simu. Saa tano usiku binamu yangu akanitumia picha ya ukurasa aliousoma, ile 9 kwa 10 ameizungushia duara jekundu. Chini yake aliandika: "Kumbe ni mimi. Na mlijua."

Hapo ndipo faraja ya nusu huharibikia. Aliyefichwa jambo huamini kulikuwa na aibu ya kuficha. Nikampigia, nikamweleza yote: kwamba yai lile lilianza safari yake mwaka 1993, yeye akiwa mimba ya miezi mitano, hajui hata kulia. Chanzo ni kitu kimoja na hatia ni kingine. Hatia inahitaji mtu ambaye angeweza kutenda vinginevyo. Na umri? Wapo watakaosema angezaa mapema, si akiwa na 31. Umri huongeza uwezekano, hauchagui yai. Wasichana wa miaka 20 pia hupata watoto hawa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo ni mama?"

Mama yake alifariki 2019. Nilidhani nimeitua ile lawama, kumbe nimeihamisha tu, nikaipeleka kaburini.

Lugha nayo haitusaidii. Wanabaiolojia huliita tukio hili kosa la mgawanyiko. Kwetu kosa ni lile la hesabu, na pia ni lile la kuombewa msamaha, na ukiambiwa kuna kosa unamtafuta mkosaji kabla hujatafuta kalamu. Wataalamu wenyewe waliandika vitabuni kwa zaidi ya miaka 30 kwamba binadamu ana kromosomu 48, mpaka Tjio na Levan walipozihesabu upya kule Sweden na kutangaza 46 mwaka 1956. Hakuna mke wa mtu aliyerudishwa kwao kwa kosa hilo. Miaka mitatu baadaye, Lejeune, Gautier na Turpin wa Paris wakatangaza 47 za watoto wenye hali ya Down. Sijapata neno lingine la kumpa binamu yangu. "Bahati mbaya" nililijaribu, naye akauliza mbaya kwa nani, mtoto akicheka mapajani pake.

Shosho alirudi Nairobi wiki mbili baadaye, na ndizi. Mume alikuwepo safari hii, ameketi karibu na mlango. Shosho akaomba amwogeshe mtoto mwenyewe. Nilikuwa nimeshika taulo.

"Hiyo ya tatu," akaniuliza bila kuinua kichwa, "iko tu kwa damu?"

"Hapana, shosho. Iko kwa mwili wote."

"Hata hapa?" Alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu, anakisugua polepole kwa sabuni.

"Hata hapo."

Akamimina maji.