Je, Kulihoji Jani ni Kukosa Imani?

Huko Jamaika kuna mmea utambaao uitwao cerasee, jamaa wa mwituni wa karela, na majani yake machungu huchemshwa na kunywewa kwa imani kwamba husafisha damu. Guadeloupe na Martinique, aliyekosa usingizi huchemshiwa majani ya mstafeli. Mchaichai ni wa homa karibu katika kila kisiwa cha Karibi, na huko Haiti wagonjwa wengi humwendea doktè fèy, mganga wa majani, kabla ya kufikiria zahanati. Nyuma ya vikombe hivi ipo dini. Warastafari hukumbusha kwamba kitabu cha mwisho cha Biblia kinautaja mti wa uzima na uponyaji uliomo katika majani yake. Wakristo wa makanisa ya Uamsho ya Jamaika huombea maji na mimea katika nyua zao za uponyaji. Katika Vodou ya Haiti msitu una mwenyewe, naye ni Gran Bwa; katika Santería ya Kuba majani yote yako chini ya Osain, na mchumaji hutakiwa kuomba ruhusa na kuacha malipo. Watu hawa hawakubaliani katika mengi, lakini hili wanakubaliana: jani halikuota kwa bahati tu, limewekwa na aliyejua kwamba binadamu ataugua. Swali langu linaanzia hapo. Ikiwa jani ni kipawa cha Mungu, je, kulipima, kulitilia shaka, hata kulikataa, ni utovu wa imani? Najibu kwamba sivyo. Nashikilia kwamba kupima ndiko kulikoizaa tiba hii, na kwamba anayezuia isiulizwe ndiye anayeiacha njia ya waliomrithisha.

Ushahidi wa kwanza ni asili ya mimea yenyewe. Mchaichai ni wa Asia. Ukwaju na tunda la ackee vilitoka Afrika. Vinka, ua dogo la waridi linalopandwa leo katika bustani nyingi za pwani yetu, ni la Madagaska. Mstafeli ndio mwenyeji wa Amerika ya joto, nao ulisafiri njia ya kinyume hadi ukafika Zanzibar na Mombasa. Watu walioikusanya mimea hii nao walikuwa wameng'olewa makwao: Waafrika walioshushwa kutoka katika meli za watumwa, na baada ya utumwa kufutwa, vibarua kutoka India. Mwafrika aliyefikishwa Jamaika katika karne ya 17 alikuta msitu ambao sehemu kubwa hakuwahi kuiona maishani. Hakuwa na bibi wa kumwonyesha jani la kushusha homa na jani la kuua. Alifananisha mmea na wa kwao, alichungulia wenyeji waliobaki walifanya nini, alionja, alingoja, alikumbuka. Ackee inaonyesha uchunguzi huo mpaka leo. Tunda hilo likiliwa bichi hushusha sukari ya damu kwa kasi hata mlaji akatapika, akapoteza fahamu na kufa. Kwa hiyo kila mpishi wa Jamaika anajua kwamba halichumwi mpaka lipasuke lenyewe mtini, na kwamba maji yake ya kuchemshia humwagwa. Kanuni ya namna hiyo haiji kwa ndoto. Imelipiwa kwa maisha ya watu, na waliobaki hai wakawa makini kiasi cha kuigeuza kuwa desturi ya jikoni. Tunapoiita tiba ya Karibi jadi, tusisahau kwamba ni jadi changa, iliyojengwa na watu waliokuwa kifungoni kwa kujaribu jambo baada ya jambo.

Ushahidi wa pili ni historia ya vinka, nami nauona kuwa mzito kuliko yote, kwa sababu unaiheshimu jadi na kuisahihisha kwa wakati mmoja. Wajamaika walikuwa wakinywa chai ya majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 bahasha ya majani hayo ilitumwa kutoka Jamaika hadi kwa daktari Clark Noble wa Toronto, naye akampa ndugu yake, mtafiti Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walionyweshwa dawa hiyo hawakupungukiwa sukari. Walipodungwa sindano, walikufa kwa maambukizi ya bakteria, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chembe zao nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka. Mtu mvivu angeandika kwamba wanakijiji walikosea na kuyatupa majani. Noble na mkemia Charles Beer walijiuliza jambo jingine: kinachoangamiza chembe nyeupe, je, hakiwezi kuangamiza saratani ya damu? Kufikia mwaka 1958 walikuwa wamepata vinblastini, na muda mfupi baadaye maabara ya Marekani ikapata vinkristini kutoka katika mmea uleule. Vinkristini, ikiunganishwa na dawa nyingine, ni sehemu ya tiba iliyoifanya saratani ya damu ya watoto, ambayo zamani ilikuwa hukumu ya kifo, kuwa ugonjwa ambao watoto wengi hupona panapopatikana matibabu kamili. Jadi ilisema kweli kwamba jani lina nguvu. Haikujua nguvu hiyo inafanya kazi wapi. Bila neno la Wajamaika Noble asingeutazama mmea huo. Bila kipimo, ungebaki kunywewa kwa ugonjwa usiouponya.

Hapa hutokea pingamizi ninalolisikia likitolewa kwa moyo safi kabisa: mababu walikunywa haya vizazi na vizazi, na sisi tupo, uthibitisho gani tena unatakiwa? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo una mpaka. Jicho la jadi huona vizuri kinachotokea kati ya asubuhi na jioni. Jani likimtapisha mtu, likimfunga tumbo, likimtuliza au likimwua usiku uleule, kijiji kizima kitajua na kitakumbuka. Lakini madhara yanayochukua miezi au miaka, tena yanayompata mmoja kati ya wengi, hayawezi kuonekana na mtu mmoja anayetazama familia yake, hata awe na hekima kiasi gani. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Jamaika, miongoni mwao Gerrit Bras, Kenneth Stuart na Derrick Jelliffe, ambaye baadaye alifundisha Makerere, walieleza ugonjwa wa watoto wadogo wa familia maskini: tumbo linajaa maji, ini linavimba, vishipa vyake vidogo vimeziba. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwenye chai za majani ya jamii ya Crotalaria na Senecio, ambazo wazazi waliwapa watoto kwa nia ya kuwaponya. (Crotalaria ni ukoo wa mitoo inayopikwa kama mboga magharibi mwa Kenya, ingawa mmea si uleule, na ndugu wa mimea hawana tabia moja.) Mzazi aliyeona mtoto amezidiwa alimwongezea chai. Upendo wenyewe ndio uliobeba sumu, na hakuna bibi yeyote wa kulaumiwa, kwa kuwa hakuna ambaye angeweza kuyaona mabadiliko ndani ya ini.

Guadeloupe ilipata fundisho kama hilo karibu na mwisho wa karne. Mwaka 1999 Dominique Caparros-Lefebvre na Alexis Elbaz walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Lancet: kati ya wagonjwa 87 wa kutetemeka na kukakamaa kwa viungo, 22 tu ndio waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson wa kawaida. Wengi wa waliosalia walikuwa na namna isiyo ya kawaida, isiyosikia dawa, na ilihusishwa na mazoea ya kula stafeli na matunda ya ukoo wake na kunywa chai ya majani yake. Baadaye kemikali iitwayo anonasini, iliyomo katika mmea huo, ilionekana kuharibu chembe za ubongo za panya. Kwa binadamu jambo hili halijafungwa. Ni uhusiano wenye nguvu, si hukumu ya mwisho. Hata hivyo linatosha kuonyesha kwamba sentensi ya “tumekunywa siku zote” haijibu swali la mtu aliyeanza kutetemeka akiwa na miaka 65.

Pingamizi la pili ni la haki, nalo linauma. Linauliza: nani anayetaka kupima? Si haohao waliodharau na kuiba? Hans Sloane alikaa Jamaika kuanzia 1687 hadi 1689, akakusanya mimea kwa mamia, akaandika kwa dharau kuhusu waganga weusi, na mkusanyo wake ndio uliozaa jumba la makumbusho la Uingereza. Maria Sibylla Merian aliandika mwaka 1705 kwamba wanawake watumwa wa Suriname walitumia mbegu za mmea mmoja wenye maua mekundu kutoa mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani. Jina la mwanamke hata mmoja halikuandikwa. Kwasi wa Suriname, aliyetibu homa kwa mti mchungu, ni mmoja wa wachache waliopewa heshima ya mmea kubeba jina lao. Sheria nayo ilikuwa kali. Baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Tacky mwaka 1760, baraza la Jamaika lilipiga marufuku obeah, yaani uganga na uchawi wa Waafrika wa huko, na sheria nyingine ya mwaka 1898 iliendelea kubaki katika vitabu mpaka karne hii. Dola hiyohiyo ya Uingereza ilitunga sheria za uchawi Kenya mwaka 1925 na Tanganyika mwaka 1928, na pande zote mbili za bahari mganga na mchawi waliwekwa kapu moja. Ufaransa ilichelewa hadi mwaka 2013 kuingiza makumi ya mimea ya makoloni yake ya zamani katika orodha rasmi ya dawa. Anayeshuku maabara ana sababu zake.

Lakini kosa la mpimaji halifuti haja ya kipimo. Kama mizani imeshikwa na mwizi, mnyang'anye mizani. Usiuze bila kupima. Na mizani hii haikuwa ya wageni peke yao. Mary Seacole, aliyezaliwa Kingston mwaka 1805 na kufundishwa uganga na mama yake, alikutana na kipindupindu huko Panama. Aliposhindwa kumwokoa mtoto mmoja, aliupasua mwili wake ili aone ugonjwa umefanya nini ndani, kisha katika kitabu chake cha mwaka 1857 akakiri kwamba baadhi ya dawa alizotumia mwanzoni zilikuwa makosa. Huyo ni binti wa jadi ya majani, na ndivyo jadi hiyo inavyofikiri inapokuwa hai. Tangu miaka ya 1980 mtandao wa watafiti uitwao TRAMIL umefanya kazi hiyo kwa adabu ninayoipenda: huanza kwa kuuliza familia zinatumia nini kwa maradhi gani, matumizi yanayotajwa na angalau asilimia 20 ya wanaoulizwa hupelekwa maabara, kisha kila moja huwekwa katika kundi la yanayopendekezwa, yanayohitaji kuchunguzwa zaidi, au yenye sumu. Majibu hurudishwa kwa waliohojiwa. Hapo anayeulizwa si kijana wa kubeba vikapu, ni shahidi.

Limebaki swali la imani yenyewe. Mwenye dini atasema: Mungu ni mwema, hawezi kuficha sumu katika zawadi. Naona hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na ni kosa la kidini kabla ya kuwa la kitabibu. Kinachotoka kwa Mungu hakiji kikiwa kimemaliza kazi ya akili aliyotupa yeye mwenyewe. Biblia inamsimulia Isaya akiagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Lakini Biblia hiyohiyo inamsimulia mtu mmoja aliyekuwa pamoja na Elisha, aliyechuma matango mwitu asiyoyajua, akayatia katika chungu, na walaji wakapiga kelele kwamba wamelishwa mauti. Mimea yote miwili iliumbwa na Mungu mmoja; tofauti ni ujuzi wa mchumaji. Waislamu wanayo mafundisho ya Mtume kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa, na wanayo pia mafundisho kwamba anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba atawajibika kwa madhara. La kwanza bila la pili ni matumaini yasiyo na dhamana. Jani, basi, ni amana. Aliyekabidhiwa amana hatakiwi kuisifu tu. Hutakiwa kuijua, kuilinda na kutoa hesabu yake.

Najua kwamba kikombe kina zaidi ya kemia. Mgonjwa anayeletewa chai na mama yake, ikaombewa, akafunikwa shuka, anapata kitu ambacho kidonge hakimpi, na ningehuzunika kuona utaratibu huo ukifa. Haufi kwa kubadilisha jani. Mchaichai na tangawizi vitabeba dua ileile iliyobebwa na mstafeli, wala Mungu hapungukiwi na njia.

Haya yanatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa majani ya mstafeli yanauzwa leo katika masoko yetu na kusifiwa kuwa dawa ya saratani. Muhimbili, Dar es Salaam, ina taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Swali la mstafeli lipelekwe huko na majibu yafike sokoni. Wakati tukingoja, anayeyanywa kila siku ayaache. Mzazi asimnyweshe mtoto jani asilolijua kwa jina. Mgonjwa amwambie daktari kila anachochemsha nyumbani, na daktari asikilize bila kukaripia, maana akikaripia mara moja hataambiwa tena.