Kipima Joto na Chumba cha Gesti

Anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza huutafuta mpaka wa nchi asiuone. Alitegemea mto, au mlima, au angalau ukuta mrefu. Anachokuta ni miji miwili iliyoshikana kama nyumba za ndugu wenye ua mmoja: huku Tunduma ya Tanzania, kule Nakonde ya Zambia, na katikati watu wanapita na magunia ya mchele kichwani na watoto mgongoni. Wabadilisha fedha wanasimama na mabunda ya kwacha mkononi, waziwazi. Kinyamwanga kinasemwa pande zote mbili, na msiba wa upande mmoja huliliwa na upande wa pili. Kisha kuna barabara, na barabarani kuna malori.

Malori ndiyo yaliyoukuza mji huu. Yanatoka bandari ya Dar es Salaam na mafuta, mbolea na mitambo kwenda Zambia na Kongo, yanarudi na shaba. Kila moja lazima lisubiri karatasi zake. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilikusudiwa kupunguza kusubiri huko, lakini siku mambo yakikwama foleni hurudi nyuma kuelekea Mpemba, na dereva na utingo wake hulala hapo siku mbili, tatu, hata zaidi. Wanakula kwa mama ntilie, wanalipia ndoo ya maji ya kuoga, wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Biashara ya usiku inaanzia hapo, na kisa changu pia.

Ni kisa cha dada mmoja. Sikumtoa kwenye faili la mtu; nimemuunganisha kutoka katika maisha ya wengi wa barabara hii, ndiyo maana simpi jina. Amepanga chumba nyuma ya gesti, ana mtoto anayelelewa na bibi yake kijijini, na kila mwisho wa mwezi anatuma hela ya unga na ada. Kuna mwenzake, mwanamke wa rika lake aliyepewa mafunzo ya uelimishaji rika, ambaye kila wiki hupita chumba kwa chumba na mfuko wa kitambaa. Ndani yake mna kondomu, vipimo na kadi za rufaa. Anajua nani anatumia dawa za kufubaza virusi na nani amekatisha. Anajua nani kabakwa na kanyamaza. Akibisha mlango, mlango unafunguliwa.

Halafu siku moja anaacha kuja.

Februari 2017 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za UKIMWI katika vituo 40 nchini vilivyokuwa vikiwahudumia watu wa makundi maalumu, wakiwamo wanawake wanaojiuza, kwa hoja kwamba vilikuwa vikihamasisha vitendo vilivyo kinyume cha sheria. Wakaelekezwa waende vituo vya serikali, kama wananchi wengine. Kwenye karatasi agizo hilo linasomeka vizuri: mlango ni ule ule kwa kila mtu. Lakini hofu hutembea haraka kuliko barua, na hata pale agizo lisipofika, hofu ilifika. Waelimishaji rika wakaogopa kuonekana na mifuko yao.

Dada yetu akaambiwa aende zahanati. Zahanati hufunguliwa saa mbili asubuhi, saa ambayo yeye ndiyo kwanza analala. Siku hiyo alijikaza akaenda. Akakaa kwenye benchi na kina mama wenye watoto, wengine majirani zake. Ilipofika zamu yake mlango wa chumba uliachwa wazi, benchi zima likasikia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unasumbuliwa na nini?"

"Nina vipele."

"Wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Huku chini."

"Mwenza wako yuko wapi? Tunatibu wawili wawili. Nenda kamlete."

"Sina mwenza, dada."

Nesi akamtazama kucha, akatazama viatu, akafunga daftari. "Basi hao uliokuwa nao ndio wakutibu."

Watu wa kwenye benchi wakacheka, si wote, ila waliocheka walitosha. Akatoka. Alipita duka la dawa, akanunua vidonge vya kutosha siku mbili kwa sababu ndiyo hela aliyokuwa nayo, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena zahanati. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu. Nesi naye nimemfikiria sana. Huenda alikuwa peke yake zamu hiyo, huenda aliambiwa na wakubwa zake kuwa watu hawa si wa kubembelezwa. Lakini alipofunga lile daftari alifunga na kitu kingine, na hasara yake ilikuja kuonekana miaka mitatu baadaye.

Machi 16, 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, Arusha. Kufikia mapema Mei ilikuwa imetoa takwimu zake za mwisho kwa kipindi kile, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya. Malori hayakunyamaza, yaliendelea kupita. Mpakani watumishi walisimama na vipima joto wakiwaelekezea madereva kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine. Kipima joto kinaona homa ya dakika ile. Hakijui dereva alilala wapi juzi, na hakiwezi kubisha mlango wa gesti.

Mnamo Mei 2020 wataalamu wa Zambia walipima watu Nakonde. Katika wagonjwa wapya 85 waliotangazwa kwa mkupuo mmoja, 76 walikuwa wa mji huo mdogo. Miongoni mwa waliotajwa walikuwamo madereva wa malori, wanawake wanaofanya biashara ya ngono na watumishi wa afya. Mei 11 Zambia ikaufunga mpaka. Malori yakapanga foleni pande zote mbili, bidhaa zikachelewa, na ilichukua siku kadhaa kabla mizigo haijaruhusiwa kupita tena.

Na watu walisema nini? Walisema, "Ni hao malaya." Maneno hayo yalisemwa sokoni, yakasemwa kwenye bodaboda, yakasemwa kwenye simu. Mtu yule yule ambaye mwaka 2017 tulimwambia hana haki ya mlango wake, mwaka 2020 tukamtaka ajitokeze mwenyewe, aseme alikuwa na nani, alilala wapi, apimwe, ajitenge siku 14 bila kipato. Angeanzia wapi kutuamini? Mwelimishaji rika aliyejua vyumba vyote vya nyuma ya gesti hakuwa akibisha milango tena. Orodha iliyokuwa kichwani mwake, ambayo hakuna wizara inayoweza kuinunua siku ya dharura, ilikaa bila kutumika.

Tabia hii ya kumtafuta mwanamke wa kubebeshwa ugonjwa ni ya zamani kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, mpaka mwingine, upande wa Uganda. Ugonjwa ulikuwa haujapata jina la kitabibu vijijini, watu wakauita Juliana, jina la vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikivushwa kutoka Uganda. Aliyevaa kitambaa hicho alinyooshewa kidole, aliyekiuza pia. Miaka ikapita tukinyoosha vidole. Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Desemba 31, 1999, miaka 16 baada ya wale wagonjwa wa Kagera, na tume ya kudhibiti UKIMWI, TACAIDS, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Hesabu waliozikwa katikati ya tarehe hizo, katika kila ukoo. Kwetu Nyanda za Juu Kusini deni hilo bado linalipwa: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU asilimia 4.4 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea nchini, lakini Njombe asilimia 12.7, na Mbeya, mkoa uliomegwa 2016 kuizaa Songwe yenye Tunduma, asilimia 9.6.

Turudi kwenye vipele vya yule dada, maana kisa hakijaisha.

Mwaka 2023, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Kamituga, Kivu Kusini nchini Kongo, ugonjwa wa mpox ulianza kuenea kwa njia ambayo wengi hawakuizoea. Zamani ugonjwa huu ulihusishwa na nyama ya porini na familia moja moja. Kamituga ulipita kati ya wachimbaji na wanawake wa kwenye baa, kwa kukutana kimwili. Vipele vilitokea sehemu za siri, na mtoki kwenye kinena. Ukiona hali hiyo utasema kaswende, au malengelenge ya zinaa, na wengi walidhani hivyo. Kutoka hapo ulifuata barabara: Bukavu, Goma, Burundi, Rwanda, Uganda. Mwishoni mwa Julai 2024 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, msafiri aliyekutwa kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta. Agosti 14 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Oktoba mwaka huo Zambia ikathibitisha mgonjwa wake wa kwanza, Mtanzania aliyekuwa ameingia nchini humo mwanzoni mwa Septemba. Machi 10, 2025 Waziri wa Afya wakati huo, Jenista Mhagama, akathibitisha mpox nchini Tanzania kwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyetoka nchi jirani kwenda Dar es Salaam.

Itazame ramani hiyo. Ni machimbo, baa, gesti, kituo cha malori. Ugonjwa wa namna hii hauanzi kuonekana kwenye hospitali ya rufaa wala kwenye lango la uhamiaji. Unaonekana kwanza na nesi wa magonjwa ya zinaa, yule anayeambiwa "huku chini", kama bado kuna mtu anayethubutu kumwambia. Nesi akifunga mlango wa chumba, akauliza kwa upole, akachukua sampuli, nchi nzima imepata taarifa siku hiyo. Akimfukuza mgonjwa, taarifa itafika kwa njia nyingine, wiki kadhaa baadaye, ikiwa imeshapita kwa watu wengi.

Na katika kipindi hicho hicho tulipigwa upande mwingine. Januari 20, 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ukiwamo mfuko wa PEPFAR uliobeba sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini kwetu. Ruhusa ya dharura iliyofuata iliokoa dawa za wanaoishi na virusi, lakini dawa kinga iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Dada wa gesti hakuwamo. Kutoka siku ya agizo hilo hadi siku mpox ilipothibitishwa hapa nchini zilipita siku 49. Ile kazi ya kupita chumba kwa chumba tulikuwa tumeiacha ilipwe na mgeni, na mgeni alipoondoa mkono hapakuwa na wa kwetu wa kuishika.

Mei 20, 2025 mataifa yalipitisha mjini Geneva makubaliano ya kujiandaa na majanga ya magonjwa, na usawa umetajwa humo kuwa nguzo. Neno hilo likiteremka hadi Tunduma lina sura ya kawaida kabisa. Ni kliniki inayofunguliwa jioni, saa moja hadi saa nne usiku. Ni kumtibu mtu bila kumdai mwenza kwanza. Ni dereva kupewa dawa zake za kufubaza hapo hapo alipokwama, bila kuambiwa arudi kituo chake cha Mbagala, kwa sababu akiliacha lori lake mafuta yatanyonywa na nafasi yake kwenye foleni itakwenda. Ni mwelimishaji rika mwenye kitambulisho cha halmashauri na posho ya halmashauri, ili polisi akimkuta na mfuko wa kondomu usiku ajue ni mtumishi wa afya. Kuna watakaosema huko ni kuhalalisha dhambi. Nawaheshimu, wengi ni wazee wangu wa kanisani na msikitini. Lakini nawauliza hivi: yule mama wa kwenye benchi aliyecheka, mumewe ni dereva wa njia gani?

Sheria inaweza kusogea tukitaka. Mwaka 2019 Bunge liliruhusu watu kujipima VVU wenyewe, likashusha umri wa kupima kwa hiari yako kutoka miaka 18 hadi 15. Ilikuwa ni wakati ule ule wa hofu, na bado ilipita, kwa sababu kuna watu walisimama wakaeleza.

Waheshimiwa madiwani wa Tunduma, Momba na Mbozi, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na bajeti zenu hujadiliwa miezi kabla ya hapo. Kabla hamjapitisha ununuzi wa vipima joto vingine, wekeni fungu la waelimishaji rika na kliniki moja ya jioni karibu na maegesho ya malori. Muiteni yule mwelimishaji aliyeacha kubisha milango mwaka 2017. Bado yupo mjini, na vyumba bado anavijua.